Tusiisakafie bustani yote: tupande mrowani mmoja



Ndugu wasomaji, baba zetu na mama zetu, na ninyi wanafunzi wetu wapendwa. Makala hii tunawaandikia hasa watu wa kwetu waliohamia Uingereza: waliotoka Bujumbura na Uvira, Bukavu na Goma, Kasongo na Kindu, Kigali na Kampala, na leo wanaishi katika zile nyumba za matofali zilizoshikana, kila moja ikiwa na uwanja mdogo mbele au nyuma. Tunataka kuzungumza nanyi juu ya uwanja huo.

Sisi tunaosomesha watoto madrasa tunaingia nyumba nyingi. Tunaalikwa akika, tunaalikwa khitma, tunakwenda kumjulia hali mgonjwa. Na tumeona jambo moja likijirudia. Familia inahamia, na kabla hata mazulia hayajatandikwa vizuri, uwanja wa nyuma umeshamwagwa zege au umefunikwa vigae kutoka ukuta hadi ukuta. Wengine wanatandika majani ya plastiki. Udongo hauonekani tena. Mtoto wa nyumba hiyo anaweza kukua mpaka aoe au aolewe bila kuona kitu kinachoota mlangoni kwao.

Rai yetu ni hii: sakafieni sehemu mnayoihitaji, lakini bakizeni udongo, hata kama ni mita chache tu za mraba, na katika udongo huo pandeni mti mmoja mdogo. Na kama mtatuuliza mti gani, sisi tunapendekeza mrowani. Tutaeleza ni mti gani huo, kwa nini tumeuchagua, na unapandwaje.

Tunawaelewa wanaosakafia

Sababu zao tunazijua. Mmoja anasema matope: mvua ya nchi hii haikomi, na watoto wanaingia na viatu vichafu mpaka kwenye zulia la kuswalia. Mwingine anataka pa kuweka gari. Mwingine anafanya kazi usiku, mchana analala, hana muda wa kukata majani. Na yupo wa nne, ambaye ndiye tunayekutana naye zaidi. Yeye husema: "Maalim, sisi hapa ni wapita njia. Bustani ya nini? Tutajenga kwetu."

Sababu tatu za kwanza zina majibu mepesi. Njia ya vigae kutoka mlangoni hadi kwenye geti inatosha kuzuia matope. Gari moja halihitaji uwanja mzima. Na mrowani ukishashika hauombi kazi nyingi kuliko saa chache kwa mwaka.

Huyu wa nne ndiye tunayetaka kuzungumza naye kwa heshima. Ndugu yetu, una miaka kumi na minane hapa. Watoto wako watatu wamezaliwa hapa, na wa kwanza yuko chuo. Nia ya kurudi nyumbani ni nzuri, na Allah akuwezeshe. Lakini watoto wanasikia kila siku kwamba mahali wanapolala si mahali pa kutunzwa, na huko unakokuita kwetu hawajakuona, au wamekuona mara moja kwa wiki tatu. Matokeo yake wanabaki hawana pa kupaita kwao. Tunawaona madrasa. Ukimwuliza mtoto "kwenu wapi?" anakuangalia tu, kisha anataja jina la timu ya mpira.

Mti hautamaliza tatizo hilo lote. Lakini ni moja ya vitu vichache ambavyo baba na mtoto wanaweza kuviweka ardhini kwa mikono yao wakavitazama vikikua pamoja nao. Wazee wetu kule Buyenzi walikuwa na miembe uani, na kule Kivu mavoka. Hawakungoja kuwa na shamba kubwa ndipo wapande. Walipanda pale walipokaa.

Zege na maji ya mvua

Kuna jambo jingine ambalo wengi hawalijui. Kiangazi cha mwaka 2007 sehemu nyingi za Uingereza zilipata mafuriko makubwa. Moja ya sababu zilizozungumzwa sana baada ya hapo ni kwamba mijini mvua haina tena udongo wa kuingilia. Inashuka juu ya paa, inashuka juu ya zege, yote inakimbilia kwenye mitaro kwa wakati mmoja, na mitaro inashindwa.

Ndiyo maana tangu Oktoba 2008, katika England, mtu akitaka kusakafia bustani ya mbele zaidi ya mita 5 za mraba kwa kitu kisichopitisha maji, kama zege la kawaida, na maji hayo hayaelekezwi kwenye majani au udongo wa palepale nyumbani, inambidi kwanza aombe kibali cha halmashauri. Akitumia changarawe au vigae vinavyopitisha maji, au akiyaelekeza maji kwenye udongo wake, haombi kibali. Scotland na Wales zina kanuni zao, nako ni vizuri kuuliza kabla ya kumwita fundi. Wapo watu wetu waliomwaga kwanza na kuuliza baadaye, wakaingia gharama mara mbili.

Na tukiacha sheria, iko haki ya jirani. Maji tunayoyafukuza kwetu yanakwenda kwa mtu. Mwanafunzi yeyote aliyefika darasa la tatu la madrasa ameshasoma haki za jirani. Hapa ndipo pa kuzitumia.

Mrowani ni mti gani?

Ndugu zetu waliosoma kwa Kifaransa huenda wanaujua kwa jina la sorbier. Kwa jina la kitaalamu ni Sorbus, na ni wa ukoo mmoja na tufaha na waridi. Mrowani wa asili wa Uingereza, Sorbus aucuparia, mnauona kila siku bila kuujua: uko kando ya barabara, mbele ya shule, kwenye maegesho ya maduka. Una majani yaliyopangika mawili mawili kwenye kikonyo kama manyoya, maua meupe mwezi Mei na Juni, na kuanzia mwezi Agosti vishada vya matunda madogo mekundu au ya rangi ya chungwa. Ni mti mgumu. Katika milima ya Scotland unaota juu kuliko karibu miti yote mingine ya huko, penye upepo na baridi kali.

Lakini mrowani huo wa asili unaweza kufika mita 15, na hiyo ni nyingi kwa uwanja wa nyumba zetu. Kwa uwanja mdogo kuna aina ndogo za mapambo, na tungependa mzijue kwa majina yake, kwa sababu majina hayo ndiyo yameandikwa kwenye vibandiko huko mnakonunua.

Ya kwanza ni Sorbus vilmorinii. Asili yake ni kusini-magharibi mwa China. Mbegu zake zilifika Ufaransa mwishoni mwa karne ya 19, na mti ukapewa jina la ukoo wa Vilmorin, wauza mbegu mashuhuri wa Ufaransa. Majani yake ni madogo na membamba, na matunda yake huanza na wekundu wa kuiva, kisha yakafifia polepole kuwa ya waridi, na mwisho yanakaribia weupe. Hukua taratibu, na kwa miaka mingi hubaki kwenye mita 5 hivi au chini yake.

Ya pili ni Sorbus cashmiriana, yaani mrowani wa Kashmir, kutoka milima ya Himalaya ya magharibi. Maua yake yana weupe uliochanganyika na rangi ya waridi, na matunda yake ni meupe kabisa, makubwa kidogo kuliko ya wenzake, yananing'inia kama lulu hata majani yote yakishapukutika. Hapa tunawakumbusha jambo la kupendeza. Waislamu wengi wa Birmingham na Bradford, ambao tunaswali nao safu moja, wazazi au babu zao walitoka Mirpur, upande wa Kashmir ulio chini ya Pakistan. Mti huu nao umetoka pande hizo, na umestawi hapa.

Ya tatu ni Sorbus reducta, ambayo ni kichaka zaidi kuliko mti. Hufika mita moja au moja na nusu tu. Hii ndiyo ya kumfaa mwenye uwanja mdogo sana, au asiye na udongo kabisa akataka kupanda kwenye chungu.

"Mti usioliwa matunda ni wa nini?"

Swali hili tuliulizwa na mzee mmoja wa Buyenzi baada ya swala ya Ijumaa. Tulipomweleza habari za mrowani alicheka akasema: "Maalim, mti usioliwa matunda yake ni wa nini? Si bora nipande mpera?"

Mzee, mpera hautaishi kwenye barafu ya Januari. Hilo la kwanza. La pili, matunda ya mrowani yanaliwa, ila si na sisi kwanza. Wanaoyala ni ndege. Kila vuli, ndege wengi wanahama kutoka Skandinavia na Urusi kuja kukaa Uingereza wakati wa baridi. Wanafika na njaa baada ya kuvuka bahari, na matunda kama ya mrowani ni chakula chao. Baadhi ya miaka huja makundi ya ndege wenye kishungi kichwani, wakamaliza matunda ya mti mzima kwa muda mfupi. Na wale ndege weusi wenye mdomo wa njano, wanaoimba alfajiri wakati mnatoka kwenda msikitini, nao hula hapo.

Sote tumefundishwa na tunafundisha mafunzo ya Mtume (s.a.w.) kwamba Muislamu akipanda mti, kisha akala humo mtu, au ndege, au mnyama, basi kwake ni sadaka. Ndege ametajwa waziwazi. Basi mtu asidharau mti kwa kuwa anayekula ni ndege.

Kwa mwanadamu, tahadhari. Matunda ya mrowani mabichi ni machungu na makali, yana asidi inayosumbua tumbo, na mbegu zake hazifai kutafunwa. Watoto waambiwe mapema: hayaliwi kutoka mtini. Waingereza wana desturi ya kuchuma yale mekundu ya mrowani wa asili, wakayapika na matufaha na sukari, wakayachuja, wakapata jeli ya kulia nyama. Yakishapikwa ile asidi kali hubadilika. Lakini aina za mapambo tulizozitaja, ziacheni kwa ndege na macho.

Na kuna faida moja ambayo tunaamini wengi wenu mtashangaa kuisikia. Mama zetu wanaposimama dukani wakigeuza mkate au jibini kusoma namba zile za E, kutafuta kama kuna kitu cha haramu, mara nyingi hukutana na E200 na E202. E200 ni asidi ya sobiki, na E202 ni chumvi yake. Kazi yake ni kuzuia ukungu usiote kwenye chakula. Jina hilo limetoka kwenye Sorbus, yaani mrowani wenyewe. Mwaka 1859 mwanakemia wa Kijerumani, August Hofmann, aliipata mara ya kwanza kutoka kwenye mafuta ya matunda ya mrowani. Leo hutengenezwa viwandani bila kuchuma tunda, na haitokani na mnyama. (Namba nyingine zilizoandikwa hapo endeleeni kuzisoma kama kawaida.) Wanafunzi mnaosoma kemia, haya ni maswali mazuri ya kumwuliza mwalimu wenu.

Ushirikina juu ya mti huu

Hapa inabidi tuseme wazi, kwa sababu mtaambiwa na majirani. Zamani katika Scotland na Ireland watu waliamini kwamba mrowani unafukuza wachawi. Waliupanda mlangoni au kwenye geti kwa nia hiyo. Walifunga vijiti vyake kwa uzi mwekundu na kuvitundika nyumbani au kwenye zizi la ng'ombe. Chini ya kila tunda kuna alama ndogo ya nyota yenye ncha tano, nayo ikahesabiwa kuwa kinga. Na mpaka leo wapo wazee wa huko wanaochelea kuukata mrowani uliosimama karibu na nyumba.

Kuna ndugu mmoja aliposikia hayo akasema basi mti huo tusiupande kabisa, ni mti wa shirki. Sisi hatuafikiani naye. Mti haujafanya kosa. Ni kiumbe cha Allah kama vingine, haujamwambia mtu aufungie uzi. Kosa ni la itikadi ya mtu, na itikadi hiyo tusijidai kwamba ni ya Wazungu peke yao. Ni nyumba ngapi za watu wetu ambazo juu ya mlango kuna hirizi iliyoshonwa kwa kitambaa cheusi? Ni watoto wangapi wanaletwa madrasa wakiwa na kamba kiunoni? Mwenye hirizi mlangoni asiwe wa kwanza kumcheka mwenye uzi mwekundu.

Kwa hiyo pandeni mrowani kwa nia iliyo safi: kwa kivuli, kwa maua, kwa ndege, kwa kuwafunza watoto. Msiupande kwa kutaraji ulinzi, kwani ulinzi unaombwa kwa Mwenye ulinzi. Na jirani mwenye umri mkubwa akikuambia kwa furaha kwamba sasa nyumba yako ina bahati, usimkatishe kwa ukali. Mshukuru, mkaribishe chai, na mkizoeana mwelezee unavyoamini wewe. Tumeona majirani walioishi miaka mingi bila salamu wakaanza kuzungumza kwa sababu ya mti uliochungulia juu ya ua.

Namna ya kuupanda

Tunaeleza kwa hatua, ili hata kijana wa miaka kumi na mitatu aweze kuusimamia upandaji huu.

1. Wakati. Miche inayouzwa mizizi ikiwa wazi hupandwa mti ukiwa umelala, yaani kati ya Novemba na Machi, siku ambayo ardhi haijaganda wala haijajaa maji. Miche iliyo kwenye kopo inaweza kupandwa wakati wowote, lakini vuli ndiyo bora, kwa sababu mvua itaufanyia kazi ya kumwagilia.

2. Mahali. Mrowani unapenda jua au kivuli kidogo, na udongo usiotuamisha maji, wenye asidi kidogo au wa wastani. Udongo mwembamba wa chokaa hauupendi. Msiupande ukiwa umebanwa na ukuta wa nyumba wala juu ya bomba la maji machafu. Hasa kwenye udongo wa mfinyanzi, unaovimba wakati wa mvua na kunywea wakati wa kiangazi, wekeni nafasi ya mita kadhaa kutoka kwenye msingi, na ulizeni kwanza kama hamna uhakika.

3. Shimo. Upana wake uwe mara mbili au tatu ya mizizi, lakini kina kisizidi kina cha mizizi. Hapa ndipo wengi hukosea: wanachimba kisima, mti unazama, shina linaoza. Ile alama ya udongo kwenye shina, inayoonyesha ulikuwa umefukiwa hadi wapi kitaluni, ndiyo iwe usawa wa ardhi yenu.

4. Kufukia. Rudisheni udongo uleule, kanyageni taratibu kwa kisigino, kisha mwagieni ndoo nzima ya maji, hata kama mvua inanyesha.

5. Mambo ya kuegemeza. Pigilieni mambo mfupi na mfungie mti kwa utepe laini kwenye theluthi ya chini ya shina. Usifungwe kama mbuzi wa Idd. Uachiwe ucheze kidogo na upepo ili shina lipate nguvu. Baada ya mwaka mmoja au miwili mambo uondolewe.

6. Matandazo. Tandazeni mboji au maganda ya miti kuzunguka mti, unene wa sentimita 5 hadi 7, bila kugusa shina. Hayo huzuia majani na kuhifadhi unyevu.

7. Maji. Kwa majira mawili ya kwanza ya kiangazi, mvua ikikatika, mpeni ndoo mbili kila wiki. Maji ya kuoshea mchele yanafaa. Baada ya hapo mti utajitafutia.

8. Kupogoa. Hauhitaji sana. Wakati wa baridi ondoeni matawi yaliyokufa na yanayosuguana. Kama mche ulibebeshwa, na machipukizi yakatokea chini ya pale ulipobebeshwa, yakateni mapema, la sivyo yataunyonya mti. Mkiona matawi yamenyauka na kuwa meusi kama yaliyobabuliwa na moto, huo ni ugonjwa wa bakteria unaoshika jamii ya tufaha. Kateni chini zaidi ya palipoharibika, safisheni kisu, na matawi hayo msiyaache bustanini.

Anayepanda kwenye chungu atafute kikubwa, chenye upana wa nusu mita hivi na matundu chini, na ajue kwamba chungu hukauka haraka, kwa hiyo wakati wa joto kinamwagiliwa karibu kila siku.

Kwa wanafunzi tuna jambo la ziada. Chukueni matunda machache mwezi Oktoba, yaponde, osheni mbegu, zipandeni kwenye kopo la udongo na muliache nje baridi yote. Mbegu hizi haziamki mpaka zipitiwe na baridi. Nyingine zitaota Aprili, nyingine zitangoja hadi mwaka wa pili. Msilitupe kopo. Kwa vilmorinii na cashmiriana, mche utakaoota kwa kawaida hufanana na mama yake, kwa hiyo mnaweza kuwagawia majirani na jamaa.

"Nyumba si yetu, na tutahama"

Hoja ya mwisho ni ya wapangaji, na tunaijua uzito wake. Nyumba ni ya halmashauri, au ni ya mtu binafsi, na barua ya kuhama inaweza kuja wakati wowote. Kwanza, ombeni ruhusa kwa maandishi kabla ya kuchimba. Si halali kubadili kitu katika mali ya mtu bila idhini yake, na pia itawaepusha na ugomvi wa pesa ya dhamana. Akikataa, chungu kipo, na chungu kinahamishika.

Akikubali, basi mti utakuwa wa mahali pale, na mkihama mtauacha. Sisi hatuoni hasara hapo. Misikiti mingapi tunaswali ambayo hatukuijenga? Visima vingapi kule kwetu tulichota utotoni bila kujua aliyechimba? Familia itakayokuja baada yenu huenda si ya dini yenu wala lugha yenu. Mwezi Mei wataamka waukute umechanua. Ndege wataendelea kula kama mlivyowazoesha, na hesabu ya sadaka haiko kwenye jina la mpangaji.

Tunarudi kwa watoto, kwa sababu wao ndio walitufanya tuandike. Nchi hii ina majira yanayomchanganya mtu wa kwetu. Katika London, Desemba Magharibi inaingia kabla ya saa kumi alasiri, na Juni inangoja mpaka saa tatu usiku imepita. Mtoto anayaona mabadiliko hayo kwenye ratiba ya swala iliyobandikwa kwenye friji, ni tarakimu tu. Akiwa na mrowani nje ya dirisha ataona pia vichipukizi vya Aprili, maua ya Mei, matunda ya Septemba, majani yanavyogeuka kuwa mekundu Oktoba, na matawi matupu yenye lulu nyeupe Desemba. Mpeni kazi. Mmoja awe wa ndoo ya maji, mwingine aandike tarehe ua la kwanza lilipofunguka kila mwaka, mwingine ahesabu aina za ndege. Na jioni moja ya kiangazi baba akae naye pale chini amsimulie juu ya mwembe wa babu yake. Hapo mtoto atakuwa na miti miwili: mmoja wa kusimuliwa na mmoja wa kushika.

Basi ndugu zetu, msimu wa kupanda unaanza Novemba. Kabla hamjamwita fundi wa zege, pimeni kwanza mnachohitaji kwa gari na kwa njia ya kupita, na kinachobaki kiwe udongo. Bei ya mche mmoja mdogo haikaribii bei ya kusakafia uwanja. Familia mbili tatu zinaweza kununua pamoja, na vijana wa madrasa wako tayari kuja na makoleo siku ya Jumamosi baada ya darasa, wazee wakiwaruhusu na mama akiwapikia chai.

Tunamwomba Allah azibariki nyumba zenu na vizazi vyenu, na akubali kila mnachokipanda, kikubwa na kidogo.